Sahani Mbili na Ubao Mmoja

"Toa uso tu, Delphine. Uso peke yake. Mengine yote yabaki."

Chola aliyasema hayo akiwa amesimama kwenye ngazi za baraza la nyuma. Hakuketi, ingawa kigoda kilikuwa karibu na miguu yake, na Delphine hakumkaribisha. Siku nyingine angekuwa ameshamsogezea kigoda hicho na kikombe cha chai, nao wangekuwa wanacheka. Asubuhi hii mikono ya Delphine ilikuwa myeusi kwa masizi mpaka kwenye viwiko, naye aliendelea kusugua kwa kijiko mgongo wa karatasi iliyolala juu ya ubao mwingine mdogo, polepole, kama mtu anayempapasa mgonjwa.

"Uso wa nani?" aliuliza.

"Unajua ni wa nani. Nchelenge nzima inajua."

"Mi niliandika jina ya mutu?"

"Hukuandika jina. Ulichonga mwavuli."

Delphine akainamisha kichwa ili Chola asione kwamba ametaka kucheka. Kisha kicheko kikamwisha chenyewe.

Ubao wenye mwavuli huo ulikuwa umeegemea ukuta, mrefu kama mlango wa kabati. Ulikuwa ubavu wa boti la zamani, na Chola mwenyewe ndiye aliyempa, siku walipofahamiana. Delphine alikuwa akizunguka ufukweni Kashikishi akitafuta mbao ngumu za kuchonga, na watu wakidhani anatafuta kuni. Alikuwa amesomea uchoraji Lubumbashi. Vita vilipomfukuza Kongo na kumvusha ziwa mpaka Nchelenge ili amfuate mama yake, Agnès, aliyeuza vitenge na chumvi sokoni, hakubeba kitu cha maana zaidi ya patasi nne alizozitengeneza kwa mbavu za mwavuli. Wenzake wa chuoni walichora twiga na machweo kwa ajili ya wageni. Yeye alichonga watu wakubwa weusi, wenye mistari mikali kama makovu, akawapaka masizi na mafuta, akawachapa kwenye karatasi za mifuko ya saruji na kuwabandika palipo na watu.

Mwezi wa kwanza mwaka huo wa 1999, wakati uvuvi umefungwa ili samaki wazaliane, alilichonga ziwa lote likiwa chungu. Juu ya chungu kuna kifuniko, na juu ya kifuniko kufuli. Juu ya kufuli ameketi mwanamume mnene, amejifunika mwavuli wakati hakuna mvua. Mkono wake mmoja umeinuliwa kuwakataza wanawake wenye mabeseni matupu. Mkono wa pili uko nyuma yake, umepenya chini ya kifuniko, na katikati ya vidole unaonekana mkia wa samaki.

Alichapa karatasi thelathini. Mchana wa siku alipozibandika wanawake wa soko walicheka mpaka wakaegemeana. Kabla ya Jumapili karatasi moja ilikuwa imefika hadi Puta, mbali huko ufukweni.

Katika Nchelenge yote, mtu aliyetembea na mwavuli wazi mvua na jua alikuwa mmoja tu: Ba Watson Mpundu, mwenyekiti wa kamati ya wenye maboti. Naye alikuwa ndugu wa kiume wa mama yake Chola. Kwa watu wa Chola, mjomba huyo, yama, ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mtoto wa dada yake.

"Jana umeona sahani," Chola alisema.

"Niliziona."

"Basi unajua amefika wapi. Yama hakutaka kuzituma kabisa. Mama alimlilia wiki mbili."

Sahani mbili za udongo mweupe zilikuwa mezani ndani, moja imefunika nyingine. Kwao Chola, kijana akitaka kuoa, wazee humtuma mshenga na sahani mbili zilizofunikana. Ndani huwekwa nsalamu, alama ndogo ya kumwomba binti. Sahani zikipokelewa zikabaki, mlango umefunguliwa. Zikirudi, maneno yamekwisha. Lakini sahani za jana zilikuja tupu. Mshenga, mama mmoja aliyeitwa Bana Felistus, aliziweka mezani akitazama ukuta kwa aibu. Akasema mwenyekiti anataka ule uso wa kwenye ubao ukatwe, kipande kiwekwe ndani ya sahani, kirudi kwake kimefunikwa. Hapo ndipo naye ataweka nsalamu.

"Kipande kidogo," Chola alisema. "Kama kiganja."

"Nikate uso ya mutu nimupelekee mu sahani, kama nyama."

"Delphine."

"Juu ya nini asikuje ye mwenyewe kuniambia nilisema bongo? Aseme, 'Ile ni bongo, ni uongo, boti zangu hazikutoka.' Nitavunja ubao mbele yake."

Chola alifuta viganja kwenye suruali. Akatazama mikono yake. Alikuwa fundi wa injini za mjomba wake, na mafuta yalikuwa yameingia ndani ya ngozi ya vidole kiasi kwamba hata Jumapili kanisani yalionekana.

"Hujui kila kitu," alisema mwishowe.

"Bon, niambie."

"Baba yangu alipokufa nilikuwa na miaka sita. Tulikuwa Mwansabombwe. Nilikuwa na homa, sikuweza kusimama. Yama alikuja na baiskeli. Alinifunga kwenye kiti cha nyuma kwa kitenge cha mama, akanileta hapa siku mbili, anasukuma kwenye mchanga, anaimba ili nisilale. Huyo ndiye mwenye mwavuli. Hilo hukulichonga."

Kijiko kilisimama juu ya karatasi. Delphine hakuwa amelijua jambo hilo. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alimtazama Chola usoni, akaona kwamba hakuwa amelala, na kwamba kola ya shati lake ilikuwa imepindukia ndani. Angetaka kuinuka aitengeneze. Mikono yake ilikuwa na masizi. Akabaki pale alipo.

"Na ule mama wa Chienge," alisema kwa sauti ya chini. "Ule mjane. Walichoma nyavu yake pale kwa muchanga, sababu alivua samaki watatu ya watoto. Nilikuwa pale, Chola. Alikuwa anaokota bipande ya kamba mu majivu. Na kesho yake asubuhi boti ya yama wako inashusha mapipa ya samaki. Mi nifunge macho?"

"Sijasema ufunge macho."

"Unasema nikate uso."

"Nasema nataka kukuoa!" Sauti yake ilipanda, kuku wakatawanyika. Akaishusha. "Nataka kukuoa kama watu wanavyooa. Na mama yangu ameketi pale, na yama ameketi pale. Sitaki kukuchukua kama mwizi. Ubao upo mmoja, utachonga mwingine. Mimi nitapata wapi mjomba mwingine?"

Delphine akaweka kijiko chini. Angekasirika ingekuwa rahisi. Lakini maneno yale yalikuwa ya kweli, na yalisemwa na mtu ambaye Delphine alimpenda kuliko alivyowahi kumwambia.

"Nikikata leo," alisema, "siku ingine sitachonga kabisa. Nitashika patasi, nitajiuliza ni mujomba ya nani. Utakuwa umeoa mikono mbili za kupika bukari, ugali tu."

"Ningeoa hata hiyo."

"Najua. Ndiyo inaniogopesha."

Chola akavuta pumzi. Ziwa lilikuwa likifunguliwa siku hiyo, na maboti yalikuwa yamepangwa ufukweni tangu alfajiri. "Saa nne yanaingia majini," alisema. "Yama anataka jibu kabla hayajatoka. Bana Felistus atakuja kuchukua sahani." Akageuka, akashuka ngazi moja, akasimama tena. "Ukizirudisha tupu, mama yangu hataweza kuzituma mara ya pili. Ndivyo ilivyo kwetu. Hakuna mara ya pili."

Akaenda zake bila kuaga.

Delphine aliulaza ubao sakafuni. Akachukua patasi nyembamba kuliko zote, akaiweka kwenye shavu la yule mwanamume mnene. Mama Agnès alikuwa sokoni, hapakuwa na wa kumshauri. Akaibonyeza, ncha ikaingia kama unene wa ukucha. Akamwona mtoto wa miaka sita amefungwa kwa kitenge kwenye baiskeli. Kisha akamwona yule mjane akiinama kwenye majivu. Walikuwa wawili ndani ya kichwa chake, na hakuna aliyempisha mwenzake.

Akaiondoa patasi. Akalia kidogo, machozi yakachora mistari kwenye masizi ya mikono yake. Halafu akasimama, akaukunja mtandio kuwa ngata, akaubeba ubao mzima kichwani na sahani mbili akazishika mkononi.

*

Uwanja wa Ba Watson Mpundu uliteremka moja kwa moja mpaka majini. Wanaume wapatao ishirini walikuwa wamekaa kwenye kingo za maboti wakingoja saa. Upande wa jikoni wanawake walikuwa wakimenya mihogo. Mwenyekiti mwenyewe aliketi kwenye kiti cha mikono katikati ya uwanja, chini ya mwavuli wake mweusi. Chola alikuwa amepiga magoti kwenye boti la kwanza, akifunga injini.

Bana Felistus ndiye aliyemwona wa kwanza. Alitupa kisu cha kumenyea.

"Mayo! Mayo we! Amezileta mwenyewe!"

Wanawake waliinua vichwa. Delphine alisimama, ubao kichwani, sahani mkononi, asijue kosa ni lipi.

"Mwanangu," Bana Felistus alimjia mbio, akisema Kiswahili chake cha sokoni, "sahani hazibebwi na msichana! Msichana hujificha! Mimi ndiye nabeba. Ukizibeba wewe ni kama unajiposa!"

"Anamposa nani?" mwanamke mmoja aliuliza. "Zimeelekezwa kwa Ba Watson!"

"Mwe! Amekuja kumwoa mwenyekiti!"

Kicheko kililipuka jikoni, kikashuka mpaka kwenye maboti. Mvuvi mmoja akapiga kigelegele cha kike. Delphine alihisi masikio yake yakiwaka moto. Lakini alikuwa ameshafika. Akasonga mbele, akaziweka sahani chini mbele ya kiti, akaushusha ubao, akapiga goti.

"Mwapoleni mukwai," alisema. Ni Kibemba alichokuwa amefundishwa na Chola.

"Mwaiseni," mwenyekiti aliitikia, maana hakuna anayeweza kuinyima salamu hiyo jibu lake. Alikuwa ameuza samaki Kongo miaka ishirini, na Kiswahili chake kilikuwa chepesi. "Binti, hivi kwenu wazazi wako hawakukufundisha?"

"Mama wangu haiko mutu ya huku, Président. Nisamehe kama nimekosea njia. Sikutaka mutu mwingine abebe kitu ambayo ni yangu."

Mwenyekiti akafunua sahani ya juu kwa ncha ya kidole. "Tupu."

"Ni tupu."

"Na ubao mzima."

"Muzima. Sikuweza kumukata, Président. Nilijaribu. Unaona hapa kwa shavu."

Chola alikuwa ameshuka kutoka kwenye boti, bisibisi ingali mkononi. Mama yake, Eness, alikuwa amesimama kando ya jiko, mwanamke mwembamba, asiyesema mengi.

Ba Watson Mpundu akainama. Hakuwa amewahi kuuona ubao wenyewe, karatasi tu, tena ile iliyochanika. Kidole chake kilipita juu ya tumbo, juu ya kufuli, kikapanda kwenye mwavuli.

"Huu umevunjika ubavu," alisema.

"Ndiyo."

"Wangu haujavunjika."

"Umevunjika, Président. Nilikuona siku ya Noeli, pale kwa kanisa."

Aliinua macho kuutazama mwavuli uliokuwa juu ya kichwa chake. Ubavu mmoja ulining'inia. Mvuvi mmoja alikohoa kuficha kicheko, na mdomo wa mwenyekiti ukatikisika kidogo, kama wa mtu anayejizuia kupiga chafya. Kwa kitambo hicho kifupi Delphine alimwona yule aliyesukuma baiskeli mchangani akiimba, na moyo wake ukamwelekea.

"Una jicho," alisema mwenyekiti. "Ni jicho baya, lakini unalo. Nani alikuambia uniweke juu ya kufuli?"

"Hakuna mutu. Niliona mama wa Chienge analia."

Mdomo ulitulia. Aliyatazama maboti, watu wake, wanawake wa jikoni, wote wakimtazama yeye. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kisu cha kukunja, akakifungua.

"Chola."

"Yama."

"Njoo. Ni wewe unayetaka kuoa. Mchumba wako mkono umeogopa, wewe ni fundi. Kata."

Chola alikuja. Alikipokea kisu kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa mtu akipewa kitu na mkubwa wake. Delphine hakuondoka mahali pake. Alimtazama tu, na hakuna dua aliyoiomba maishani mwake iliyokuwa kubwa kama ule mtazamo.

Chola alipiga magoti juu ya ubao. Aliweka ncha ya kisu palepale patasi ilipoanza. Kisha mabega yake yakalegea.

"Yama, siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu picha imepungua." Alizungumza akitazama mbao. "Wewe uko hapa. Aliyewasha injini hayupo. Kila usiku maboti yalipotoka, hayakujiendesha. Ni mimi niliyewasha injini. Nilifunga matambara kwenye bomba ili zisisikike. Na siku nyavu ya yule mama inachomwa, nilikuwa nimekaa pale nakunywa chai." Akageuka kwa watu waliokuwa kwenye maboti. "Wote tunajua. Huyu msichana amechonga tunachokijua. Nikimkata yama uso, nitakuwa namficha yeye au najificha mimi?"

Mmoja wa wavuvi alianza kukagua kamba ambayo haikuhitaji kukaguliwa.

Delphine alimgeukia. Alikumbuka asubuhi zile za mwezi wa kwanza Chola alipofika na macho mekundu, akisema injini imemsumbua. Yeye alimpa kiti na chai. Alimwonea huruma.

"Juu ya nini hukuniambia?" aliuliza. Walikuwa mbele ya watu wote, lakini aliuliza kama wako peke yao barazani.

"Ungeacha kunitazama vile unavyonitazama."

"Na leo?"

"Leo hata usiponitazama tena, nitakuwa nimesema." Akasita. "Lakini unitazame, Delphine. Tafadhali."

Aliuma mdomo. Kulikuwa na hasira ndani yake, ya kweli, ambayo haingeisha siku hiyo wala wiki hiyo. Lakini mtu yule alikuwa na mjomba mmoja tu, na alikuwa amempoteza sasa hivi mbele ya macho yake. Alimtazama.

Ba Watson Mpundu alinyoosha mkono. Chola akamrudishia kisu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, yama."

"Injini zangu usiziguse tena."

"Ee mukwai."

"Bana Felistus, ondoa hizi sahani zako. Hakuna ndoa hapa."

Bana Felistus aliinama kuziokota. Mkono mwingine ulimtangulia. Eness alikuwa amevuka uwanja bila mtu kumwona, mikono yake ingali na maji ya mihogo.

"Ziache," alisema.

"Dada, nimesema."

"Nimesikia, Watson. Nimekusikia tangu hujaota meno. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni mama akienda kulima, na ulikuwa unanikojolea." Alisema bila kupaza sauti, lakini wanawake wa jikoni walisikia vizuri, wengine wakageuza nyuso. "Wewe ni mwenyekiti wa maboti. Kwa mtoto huyu unasema kwa ajili yangu, kwa sababu mtoto ni wa tumbo, na tumbo ni langu. Miaka ishirini umenisemea vizuri. Leo umenisemea vibaya. Kwa hiyo leo najisemea."

Aliingiza kidole chini ya ukosi wa blauzi, akavuta uzi wa shanga nyeupe alizovalishwa siku alipoolewa. Akaukata kwa meno. Shanga moja akaiweka katikati ya sahani, zilizobaki akazifunga kwenye pindo la kitenge. Akafunika.

"Wanawake wanaomwogopa mjomba wa mume nimewaona wengi," alimwambia Bana Felistus. "Huyu amekuja na ubao kichwani. Mpelekee mama yake."

Mwenyekiti alikuwa amesimama. Hakumtazama dada yake, wala mpwa wake, wala ubao. Alianza kuteremka kuelekea majini, na Delphine akadhani ndiyo basi, kwamba atapata mume asiye na mjomba, na kwamba furaha yao itakuwa na tundu daima. Watu wakampisha njia. Alipofika karibu na boti la kwanza akasimama, mgongo umewaelekea.

"Bana Felistus."

"Mukwai."

"Usiende kwa watu na shanga moja, kama sisi ukoo wetu umekufa. Weka mbili."

Akaingia ndani ya boti, akaanza kuwagombeza watu kwamba saa imepita.

Eness alijifuta macho kwa nyuma ya mkono, akafungua pindo, akatoa shanga ya pili. Safari hii Bana Felistus ndiye aliyefunika.

Delphine alikuwa ameinama kuuinua ubao. Chola aliushika upande wa pili.

"Uache hapa," alisema. "Ni mzito. Nitaulinda, hautapata hata mkwaruzo."

"Unatafuta kuurudisha mu boti?"

"Natafuta unichonge na mimi. Hapa nyuma, karibu na mkono. Kuna nafasi?"

Alitazama. Nyuma ya chungu kulikuwa na mahali palipobaki patupu. Mwezi mzima palikuwa pakimsumbua, hakujua aweke nini. "Iko," alisema. "Lakini sitakuchonga muzuri, Chola. Bado nina kasirani."

"Nichonge mbaya. Ila unichonge."

Alikuwa karibu kucheka, au kulia, na kidole chake cheusi kilikuwa kimeshanyooka kuitoa ile kola ya shati iliyojipinda ndani, wakati Bana Felistus alipowaingilia katikati akipunga sahani.

"Nyie! Mnafanya nini? Nsalamu iko njiani, mnasemezana? Awe! Msichana anatakiwa awe kwao, amejifunika, hajui kitu. Nikifika nikakukuta hapa nyuma yangu nitamwambia nini mama yako? Kimbia!"

"Nikimbie wapi?"

"Nyumbani! Mimi ni mzee, nitatembea polepole, nitapumzika kwa mwenye duka. Na mwambie mamako, tafadhali, nawajua Wakongo, mtu akiwaletea sahani hamzirudishi bila chakula. Asizirudishe na mkate! Asizirudishe na kitu chochote! Zikirudi leo, tumekwisha!"

Delphine alivua viatu, akavishika mkononi, akakimbia.

Alipita nyuma ya vibanda vya kukaushia samaki, mchanga ukimrukia mpaka magotini. Wanawake wa soko walimwita, mmoja akamuuliza kama anafukuzwa. "Bado!" alijibu bila kusimama. Upande wa kulia injini zilikuwa zikiwaka moja baada ya nyingine, safari hii kwa sauti yote, na maboti yakifunguka juu ya maji mchana kweupe. Hakugeuka kuyatazama. Alimkuta mama yake kibandani akimpimia mteja chumvi, akamvuta mkono mpaka nyumbani, mama akipiga kelele kuhusu chumvi yake.

"Mutoto, una nini? Na hii masizi? Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, Mama. Tangu asubuhi nilikuwa hapa."

"Delphine!"

"Hujui kitu. Nami sijui kitu. Sahani zikifika, uziweke mezani, uziache hapo. Usiweke mukate, Mama, nakuomba, hata kama roho inakuuma."

Mama Agnès alimtazama mwanawe kuanzia nywele mpaka miguu iliyojaa mchanga. Alitaka kuuliza tena. Lakini alikuwa na miaka arobaini na nane na hakuwa mjinga, naye alikuwa amekesha akisikia kilio cha kuzuiwa upande wa pili wa ukuta. Akavuta kitenge kipya kutoka kwenye furushi la kuuza, akamrushia. Delphine alijitupa kwenye mkeka wa pembeni, akajifunika kichwa. Mikono yake miwili myeusi ilibaki nje, mpaka mama yake akaisukumia ndani kwa mguu.

"Odini mukwai!" sauti ikaita mlangoni, ikihema.

Mama Agnès alijikung'uta chumvi, akatengeneza kilemba chake.

"Karibu," alisema, kama mtu aliyeshangaa kabisa. "Entrez, Mama. Ni nani huyu anatutembelea asubuhi yote hii?"